Wiki ya Vipindi, Newala

Jumatatu wamenirudishia "Shela Jeusi",
miezi minane baada ya kuniacha
na bibi harusi kasimama mlangoni, kisu mkononi.
Miezi minane nimebangua korosho na kisu kile kichwani.
Nimepalilia, nimeuza, nimezika shangazi,
hakikushuka.
Leo kimeshuka: kumbe alikuwa anakwenda kukata keki.
Nikamwambia Somoe, zima.
Somoe hakuzima.

Jumanne, kipya: "Jumba la Wakili".
Nyumba ina ngazi mbili, moja ya kupandia,
nyingine sijaona mtu akiikanyaga.
Kila anayelia analilia karibu na jokofu.
Wakili ana siri; niliijua kabla ya tangazo la sabuni.
Lakini kuna mtoto anauza karanga getini,
hata jina hawakumpa, kapewa maneno matatu,
"Bosi, naomba chenji,"
na anayasema kama mtu aliyewahi kudai chenji akanyimwa.
Nitarudi kwa ajili yake.
Wakimwondoa, wabaki na ngazi zao.

Jumatano, msichana wa kazi.
Wamempa jina la Kimakonde, wakamchora chale shavuni kwa wanja,
wakamfundisha kusema ili watu wacheke.
Nimetega sikio. Lafudhi ile si ya Newala,
si ya Tandahimba, si ya Kitangari,
si ya mtu yeyote aliyewahi kunyonya kwa mama.
Ni ya mwandishi.
Fundi Chitanda, ambaye bibi yake alikuwa na chale za kweli,
mara ya kwanza alicheka.
Mara ya pili akainamia kikombe chake.

Alhamisi wamerudi Waturuki.
Pasha anasema Kiswahili kilichonyooka kuliko cha diwani,
midomo imeshafunga, sauti ingali njiani,
nasi tumezoea, kama mwanga wa radi na ngurumo yake.
Ila Mama Nesrin!
Msimu uliopita alikuwa mwembamba, ana kidoti juu ya mdomo.
Amerudi mnene, kidoti hakuna, macho ya mtu mwingine,
na wanawe wakamrukia: "Mama, umerudi!"
Hakuna aliyeuliza. Hata mbwa hakubweka.
Nikasema, huu ni upuuzi,
wanatufanya watoto.

Kisha nikanyamaza kidogo, maana
Bakiri alirudi kutoka Montepuezi na uso uleule,
kovu lilelile la goti,
nikampakulia ugali, nikamwita kwa jina lake,
akaitika.
Mwaka wa tatu huu anaitika.
Nami sijauliza ni nani waliyempa nafasi ile.

Tuyaache.

Ijumaa, mapishi. Msimu mpya, sufuria mpya.
Dada kafungua bomba, maji yanakwenda tu,
anasuuza jani moja la giligilani.
Chumba kizima tukapiga kelele: "Funga! Funga, mama!"
Hapa juu ndoo ina bei, na bei ina kiangazi chake.
Kisha akapanga korosho sita juu ya wali, akaziita anasa.
Sita.
Nina gunia nyuma ya mlango.

Jumamosi sikuona kitu.
Saa mbili kasorobo umeme ukakatika.
Gesi ni ya kwetu, giza nalo la kwetu.
Hakuna aliyeondoka. Watu kumi na mmoja
wameelekea kioo cheusi, vigoda vimepangwa,
na Somoe akaanza: "Sasa hapa Wakili anaingia..."
Akamuua Wakili kwa sumu ya panya,
akamrithisha jumba mtoto wa karanga,
akaibomoa ile ngazi ya pili.
Pasha naye akatokea, hata hayumo katika kipindi kile,
tukampisha akae.
Ndipo Bakiri, ambaye hapendi vipindi,
ambaye hukaa karibu na mlango kama mgeni,
akauliza gizani:
"Na yule mama wa kwanza, yule mwembamba,
alikwenda wapi?"

Somoe hakuwa na jibu.

Kifurushi kinakwisha kesho.
Nimehesabu hela ya kusaga, nimehesabu ya sabuni.
Nitalipia.
Sabuni tutaazima.