Saba Mara Nane

Walinikata Jumanne. Leo Ijumaa.
Tumbo limeshonwa kama gunia la muhogo,
nyuzi tisa, nimezihesabu kwa kidole juu ya bandeji,
na kila kukicha Sista Driciru husimama miguuni pangu
akauliza, wodi nzima ikisikia:
"Mwalimu, upepo umetoka?"

Haujatoka.

Miaka thelathini na moja nimefundisha hesabu,
Maracha kwanza, kisha hapa Arua mjini,
na watoto wa darasa la nne nimewatoa nje
kwa upepo huohuo.
Leo naambiwa: usipotoka, hakuna uji.

Ezatiru, binti wa kaka yangu,
amelala kwenye mkeka chini ya kitanda.
Nikigeuka, chuma kinalia.
Chuma kikilia, anaruka:
"Shangazi, nilete beseni?"
Sitaki beseni, mwanangu. Nataka kugeuka.

Chandarua kina tundu moja, moja tu,
nalo limechagua kukaa juu ya sikio langu.

Jana walikuja akina mama wa kanisa, wanane.
Watatu walikaa kitandani, upande wa mshono.
Walileta angara kwa simsim, sufuria nzima,
wakafunua ili nione walivyonijali,
wakafunika, wakaomba dua ndefu,
na kila "Amina" ikanigonga pale pale penye uzi.
Kisha, kwa kuwa mgonjwa hali,
wakala.

Kitanda cha pili Bi Munduru ananisimulia
mbuzi aliyekula kadi ya kura ya shemeji yake
na jinsi shemeji alivyompeleka mbuzi kituoni
akaone kama watamruhusu.
Naukumbatia mto, nacheka kwa pua,
machozi yananitoka. Nyamaza, mama, utanipasua!
"Bado sijafika kwenye foleni," anasema.

Daktari naye alipita nikiwa usingizini,
usingizi wa kwanza tangu Jumanne.
Akawaambia wanafunzi wake naendelea vizuri.
Mimi hakuniambia.

Lakini hayo yote ningeyameza.
Lisilomezeka ni hili daftari.
Faili langu ni daftari la shule, kurasa arobaini na nane,
Ezatiru alilinunua getini.
Mbele wameandika presha, joto, dawa,
kwa mwandiko ambao ningeupa sifuri.
Nyuma kuna jedwali la kuzidisha,
na katika jedwali hilo, kwa wino wa kiwandani:
saba mara nane, hamsini na nne.

Hamsini na nne!
Nimelala nalo kifuani siku tatu.
Kalamu yangu aliiazima kijana wa maabara,
"Narudisha sasa hivi, Mwalimu."
Hiyo ilikuwa Jumatano.

Saa nane usiku umeme ukakatika.
Feni ikafa, redio ya mlinzi ikafa,
wodi ikawa kimya kama chumba cha mtihani.
Na hapo, bila hodi,
ukatoka.

Mrefu. Wenye vituo.

Chini ya kitanda Ezatiru akapiga kigelegele.
Bi Munduru akasema gizani, "Mungu ni mwema."
Mtu asiyejulikana, kule dirishani, akapiga makofi.

Sista akaja na tochi mdomoni,
akafungua daftari, akaandika mstari mmoja.
Kabla hajalifunga nikamshika mkono:
nipe hiyo kalamu.
Akadhani nataka kutia sahihi.

Nikaligeuza.
Nikakata nne.
Nikaandika sita.