Karatasi ya Tanuri

Bolti ya majaribio haikukatika siku tulipoikaza.
Siku hiyo ililia kidogo, ikabana, ikakaa.
Ilikatika Jumanne ya pili, saa tisa usiku,
karakana imefungwa, mvua ya Darlaston inapiga bati,
hakuna mkono juu yake, hakuna mzigo ulioongezwa:
pa! kichwa kikaruka, kikachubua ukuta,
kama mtu aliyekumbuka tusi la wiki iliyopita.

Gurmit Sohal aliniletea vipande viwili ndani ya soksi.
"Tazama," akasema, akanipisha kwenye hadubini.
Nilitarajia shingo iliyovutika, ikawa nyembamba,
kama kifanyavyo chuma laini kabla ya kukata roho.
Sikuona shingo. Niliona chumvi ya mawe,
punje kwa punje zimeachana mpakani,
majirani waliohama usiku bila kuagana.

Mwizi ni hewa. Haidrojeni,
nyepesi kuliko vyote vilivyoumbwa,
iliingia tulipoosha kutu kwa asidi,
ikaingia tena tulipovisha zinki, ing'ae, mteja afurahi.
Tulidhani tunapamba. Kumbe tunapandikiza.
Chembe moja moja hutambaa
hadi pale chuma kinapoumia zaidi,
hukaa hapo,
hungoja wenzake.

Wala haiwaandami wanyonge.
Msumari wa banda la njiwa la Doreen Tranter
utapinda, utalalamika, utaishi.
Ni feleji iliyopikwa ikashinda zote kwa ugumu,
ile tuliyoisifu kwamba haijui kuinama,
ndiyo hiyo.

Dawa ni joto. Nyuzi mia mbili,
mara tu itokapo kwenye zinki, hewa haijapata makao;
uiache tanurini mchana kutwa
itoke ilivyoingia, bila kelele.
Mtoto wa shule angeweza.
Ijumaa ile tanuri lilijaa oda ya Walsall,
nami trei ya mwisho nikaiweka sakafuni,
nikasema nitairudia.
Nikala viazi vyangu na siki.
Nikatia sahihi: *Imeokwa.*

Gurmit anaulizia karatasi. Ninayo.
Mwandiko ni wangu, mzuri, hauna ufa.
Na kule juu ya reli, kwenye daraja la waendao kwa miguu,
bolti mia na arobaini za trei ile
zimebana, zimetulia, zinang'aa mvuani.
Kimya kingi.

Watoto wanatoka shule saa tisa na nusu.
Nampa karatasi. Nasema, "Gurmit,
ulichokisoma hapo si kweli,"
na kitu kilichokaa ndani yangu siku kumi na moja
kinaanza, polepole, kutoka.