Mizani ya Eteri

Khashuri. Theluji dirishani. Eteri anatafuna kalamu:
oksidi ya chuma kwa aluminiamu, watazaa nini?
Baba, mchomelea reli, hazijui alama hizo,
ila moto wake anaujua:
"Aluminiamu humpora chuma oksijeni.
Chuma hubaki uchi, akatiririka."

Anaandika mazao. Anahesabu.
Atomu mbili za chuma kushoto, kulia moja.
"Namba ya chini usiiguse," mwalimu Nanuli alionya,
"utazua kitu kingine kabisa."
Basi mbili mbele ya chuma,
mbili mbele ya aluminiamu.
Imekaa.

Kitabuni: hakuna kipoteacho, huhama tu.

Mama yuko Bari, anauguza wazee wa watu.
Eteri anapanga sahani. Baba anazihesabu kwa macho,
tatu,
hasemi kitu.