Hapa Unapumua?

Niliandika usiku, kibatari kikifuka,
kurasa mbili za daftari la mjukuu, nyuma yake hesabu za kugawanya,
bila kituo hata kimoja.
Maneno yalitoka kama mbuzi waliofunguliwa zizini,
huyu pembe zake mgongoni mwa yule.

Asubuhi nikadandia lori la matofali, Hombolo mpaka Majengo,
kwa Zamaradi wa mashine ya kunakili,
anayechapa barua, ukurasa mia tano.

Akasoma kimya. Akarudia kwa sauti, akakwama.
"Mama, hapa unapumua?"
Nikamwambia tangu Machi sijapumua vizuri.
Hakucheka. Akachukua kalamu nyekundu.

"Umeandika shemeji ameng'oa zabibu zako.
Zabibu ni tunda. Baraza litakuhesabia kilo.
Kama ameng'oa mashina, sema mizabibu.
Na mizabibu haisemi zimekauka. Imekauka."
Silabi moja tu,
na mistari yangu arobaini ikasimama tena shambani.

Akafika pale:
Marehemu alisema ndugu yake hana haki.
Akatia mikato miwili, kunionyesha tu:
Marehemu, alisema ndugu yake, hana haki.
Mwili ukanisisimka.
Ndahani ana wakili. Mikato miwili ingemtosha.

"Basi tumfungie mlango," akasema,
akaweka nukta pacha, akaweka alama za kunukuu,
na ikabidi yake igeuke yangu:
Marehemu alisema: "Ndugu yangu hana haki."
Nikamsikia. Kwa kinywa chake,
sauti ile ile ya mtu aliyetoka kumeza ugali wa uwele.

Nilikubali mengine yote,
hata "harali" yangu iliyorudishiwa L yake.
Ila mstari wa mwisho:
Mume wangu anaitwa Chilongola, anapenda kupogolea mwenyewe.
"Aliitwa," akasema. "Alipenda."
Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi.
Nikamshika mkono.

"Hiyo iache."
"Watasema ni kosa."
"Waseme."

Akachapa hivyo hivyo. Nikalipa elfu moja,
mikato hakuitoza.

Nje, upepo wa Julai na vumbi lake.
Nikaisoma barua nikitembea,
kila penye nukta nasimama, navuta pumzi, ndipo naendelea,
mpaka mwenye mkokoteni wa nyanya akapiga kelele nyuma yangu:
"Mama, ama upite ama usipite!"