Kiambishi

Thurso, Januari. Saa tisa alasiri na jua limeshaaga
kama mgeni anayeogopa kuombwa abaki.
Nimekaa kibandani, hita inanuka vumbi,
vijiti viwili mkononi, skrini tano usoni,
na nyuma ya mita mbili za zege
Konokono anatambaa.

Wenzangu wanamwita Effie. Mimi Konokono,
kwa waya anaouburuta na kwa mwendo wake.
Mkono wake ni mtumba: ulipaka rangi milango ya magari
miaka tisa huko Sunderland, kiwanda kikauchoka.
Tukaupachika macho mawili, pua ya kunusa mionzi,
na mwali wa leza kwenye kidole.
Mhasibu wetu, Bi Gunn, asiyecheka hata kwa kutekenywa,
aliisoma bei mara mbili, akatabasamu.

Zamani wangeingia watu,
suti zimejaa hewa kama maandazi, dakika kumi na moja kila mmoja:
kata inchi, toka, suti itupwe, aingie mwingine.
Suti nazo zikawa taka, taka zikataka ghala,
ghala likataka mlinzi wa miaka mia tatu.
Beji yangu ya kifuani inasoma sifuri.
Nimeikagua mara tatu tangu asubuhi.

Zamu za usiku huwaza vitenzi.
Lugha yangu ina ufunguo mdogo wa kurudisha mambo nyuma:
funga, fungua; ziba, zibua;
kunja, kunjua; tega, tegua.
Mtoto wa darasa la pili anaujua.
Basi vijana wa 1957 waliunga mabomba haya,
kiungo kwa kiungo. Waliunga.
Nami ninayerudisha nyuma, kazi yangu ni
kuungua.
Hapo ufunguo ulinivunjikia mlangoni.

Alhamisi Konokono akasimama. Mbele yake bomba
lisilokuwemo kwenye ramani,
nene kama paja, limepinda kushoto, limepotelea gizani.
Mita ikapanda. Tukazima mwali.
"Siku ya kusimama ni pauni elfu kumi na nne,"
alisema Bi Gunn, bila kuulizwa.

Wakamleta Ishbel Swanson, miaka themanini na sita,
zamani binti wa chumba cha wachoraji,
aliyenakili ramani kwa wino juu ya kitambaa cha nta.
Alikataa chai yetu. Akavaa miwani juu ya miwani.
Tulingoja siri: amri ya serikali, ajali iliyofichwa.
"Karatasi iliisha," akasema.
"Bomba likaendelea. Bwana Keith alisema
tutaongeza kipande Jumatatu."
Akafikiri. "Jumatatu nilikuwa naolewa."

Akachukua penseli, akaumalizia mstari
juu ya meza yetu, palepale karatasi ilipokomea:
kushoto, chini, vali moja, tangi dogo la pembeni,
mkono ukitetemeka kila mahali isipokuwa kwenye mstari.
"Vali sina hakika nayo."

Vali zilikuwa mbili. Mengine yote alipatia.

Leo nalikata. Kwenye skrini cheche hazina sauti.
Kipande saizi ya mkate kinadondoka ndani ya sanduku la chuma,
kinapimwa, kinapewa namba.
Vimebaki mia sita na kitu.
Meza hatujaifuta; mtu ameizungushia utepe mwekundu.

Kabla hajaondoka Ishbel aliniuliza
kwetu kazi hii inaitwaje. Nikamjibu: kupangua.
Ni neno zuri? Nikamwambia
mkiani lina silabi mbili, kama fungua, kama tegua,
na silabi hizo zikisimama peke yake, ua,
zinafisha, zinachanua, au zinaizungushia nyumba uzio.

"Na hapa ni lipi?" akauliza, akitafuta mkono wa koti lake.

Nikaitazama beji.