Legeza

Kamba imekatika, ndoo imezama tena.
Saa nne asubuhi, Kibokoni, mfereji umekauka siku ya sita,
na mama ameinama juu ya mdomo wa kisima
akimtaja Msellem, kana kwamba Msellem bado ana miaka kumi na miwili,
si baba wa watoto watatu kule Changamwe, mwenye kitambi.

Zamani yeye ndiye aliyeshushwa.
Mimi nilishika taa. Mtoto wa kike hashuki kisimani,
walisema, bila kusema kwa nini.
Sauti yake ikitoka kule chini nene, ya mtu mzima:
Legezaaa.

Sijamwambia mama kuhusu ile Jumamosi.
Nilipopiga simu usiku wake nilisema, tulikwenda kutembea mlimani.
Akauliza, Umekula?
Nimekula.
Ikaishia hapo, na magoti yangu yamevilia damu chini ya shuka.

Tulikuwa tisa, wanafunzi wa mambo ya maji,
mabingwa wa kupima mto juu ya karatasi.
Kiongozi wetu Odile, mfupi, kucha zimekatika,
alitugawia nguo za mpira zenye jasho la watu wa jana.
Kofia ngumu ikagoma kukaa juu ya ushungi wangu.
Hakucheka. Akaongeza ukanda, akajaribu, akaongeza tena,
kisha akanigonga utosini mara mbili
kama achaguaye tikiti.

Milima ya Alpi, mwezi wa sita.
Maji yale juzi yalikuwa theluji.
Nilitia mguu, baridi ikanishika mfupa
kama mdai aliyelala mlangoni kwangu.
Tukaserereka juu ya mawe laini kama ndani ya kikombe,
kuta mbili zimebana, mbingu imebaki utepe.
Ruka, akasema Odile. Nikaruka.
Pua ikanywa mto mzima,
nikaibuka na kicheko nisichokijua,
cha mtoto aliyewaponyoka wazee wake Makupa sokoni.

Hadi poromoko la mwisho.
Mita ishirini na tano. Maji hayakuwa yakianguka, yalijitupa,
na huko chini hakuna aliyekinga mtungi.
Nilipiga hesabu, sikuweza kujizuia:
kwa bei ya mkokoteni, shilingi hamsini mtungi,
kodi ya mtaa wetu mzima ilipita
kabla sijafumba jicho.

Akanifunga. Nikalipa shimo mgongo.
Mwili ukakataa wote: miguu yataka ukuta, mikono yataka kamba,
naye ananipigia ukelele, kwa lugha yao, neno moja
nililolielewa kabla ya kulitafsiri.
Bismillahi. Nikalegeza.
Na ndani ya ngurumo ile, uso umejaa maji,
nilimsikia Msellem.

"Nipe ile kamba nene," namwambia mama.
Ananitazama kama aliyesalimiwa na paka.
Nafunga fundo la Odile, lenye umbo la nane, nalivuta aone.
Yeye anaongeza lake juu, lile la mbuzi wa Idi,
anazungusha kamba mara tatu kwenye nguzo ya ua,
anavua bangili.

Jiwe la matumbawe lanikwangua kiwiko.
Harufu ya chumvi, ya kuvu, ya sarafu kuukuu.
Maji ya kiunoni, ya vuguvugu,
bahari iliyopotea njia ikaingia nyumbani kwa watu.
Naipapasa ndoo. Kando yake, kimezama topeni,
kiatu cha plastiki, chekundu, cha mguu mmoja,
ambacho mwaka ule nilichapwa kwa kukipoteza
nikaapa sijakaribia kisima.

Natazama juu. Duara la mwanga, kichwa chake katikati.
Bado shibiri moja nikifikie.
"Mama, legeza!"
"Nimesikia."
Kamba haisogei.
"Legeza kidogo!"
"Nimekusikia, mwanangu," anasema,
na kamba inakaza.