Wekundu wa Damu

Karafuu zikikomaa, hospitali ya Chake huishiwa damu.
Tawi la mkarafuu halina ahadi,
na anayeanguka huletwa kwetu sisi wa bodaboda:
dereva mbele, ndugu nyuma, yeye katikati,
mguu unaning'inia kama si wake.

Mwaka huu nimebeba watatu.
Wa tatu, Kombo wa Kifundi,
alisubiri damu tangu adhuhuri mpaka magharibi.
Ile aliyoiacha kwenye siti yangu
niliisugua kwa sabuni ya mche. Haikutoka yote.

Shaame akasema kijiweni,
huku anafuta plagi kwa shati lake mwenyewe:
"Mie mwaka jana nilitiwa chupa nne, sijui za nani.
Tangu siku ile napenda embe mbichi kwa pilipili,
na sikuwa mla embe mbichi.
Kuna mtu humu ndani sijamshukuru."
Tukacheka.
Kisha tukaacha kucheka.

Jumapili tukatoka Konde, pikipiki arobaini na moja,
na Vespa ya Maalim Asaa
ambayo hukohoa mpaka Finya ndiyo ikubali.
Kila kioo kimefungwa kitambaa chekundu:
kanga ya mamake Faki, kaichana bila kumuuliza.
Maneno yake yote yakatawanyika barabarani,
huyu kapata SABABU, yule kapata HANA,
la hasidi lilipasuliwa katikati,
mimi nikaangukiwa na HASI.

Tukakwepa majamvi ya karafuu
yaliyoanikwa mpaka kwenye lami.
Penye msikiti hakuna aliyepiga honi.
Watoto wa chuo walituhesabu kwa sauti,
wakapotea kwenye thelathini.
Gombani trafiki akatusimamisha,
akatazama leseni mbili tatu, akatazama vitambaa:
"Mnaoza?"
"Tunatoa damu."
Akavua kofia, akajikuna,
akasema zamu yake inakwisha saa saba.
Saa saba na robo tulimwona kwenye foleni, mkono umekunjwa.

Mimi nilikuwa wa tatu.
Mimi niliyebeba bango,
mimi niliyewaita waoga waliobaki Konde.
Nesi Chumu akanitoboa kidole,
tone akalitia kwenye kimashine,
akakitazama, akanitazama,
akanifunua kope ya chini.
"Jana umekula nini?"
Chai.
"Na juzi?"

Hesabu ya tajiri ni elfu kumi kwa siku,
mvua inyeshe, isinyeshe,
na nyumbani wako wanne wanaotangulia sahani.
Hayo sikuyasema. Nadhani kope iliyasema.

"Kumi na nukta moja," akanong'ona,
kwa heshima, kama mtu anayekurudishia pochi uliyoiangusha.
"Wewe hutoi, kaka. Wewe ni wa kutiwa."

Nikakaa nje, mgongo ukutani,
nikashika helmeti za wenzangu, kumi na mbili,
mapajani, miguuni,
kama muuza madafu siku isiyo na kiu.
Wakatoka mmoja mmoja, pamba kwenye kiwiko, soda mkononi.
Kitambaa changu changu kilikuwa bado kioo­ni.
Hakuna aliyeuliza.
Shaame akanimiminia nusu ya soda yake
akaanza kuzungumzia matairi.

Kesho yake alfajiri, kijiweni,
juu ya siti yangu, palepale penye doa la Kombo,
fungu la matembele limefungwa kwa kamba ya mgomba,
umande bado, na dagaa kwenye gazeti.

"La nani hili?"

Faki anakaza cheni isiyolegea.
Maalim Asaa anaipiga Vespa teke.
Shaame kasimama mbali, anatafuna embe mbichi,
kaikodolea macho barabara ya Ngezi
kama kwamba saa hizi inatoa abiria.